Nyota Yangu Ilipogeuzwa Kaa

Mimi nilizaliwa Simba. Hayo si maneno yangu, ni ya mwalimu mmoja wa falaki wa Kibokoni, Mombasa, mtu wa kilemba kilichonyooka na kucha safi, aliyekuwa akiwasomea watu nyota zao katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa miaka ile ya vita vya pili vya dunia, sukari ikiwa ya mgao na kitambaa cha dukani ni cha kubembelezea. Nilikaa Simba tangu kuzaliwa mpaka posa ilipoletwa kwetu na mwalimu akaulizwa. Kisha nikawa Kaa, yule wa ufuoni anayekwenda upande, na nikatakiwa nishukuru.

Jina langu silitaji hapa. Limeshazungushwa vya kutosha na watu wasiojua thamani yake. Nitasema tu kwamba lilikuwa jina la nyanya yangu, mzaa baba, mwanamke aliyefiwa na mume mapema akamlea mwanawe kwa kushona kofia, hata akampeleka kwa fundi ajifunze kukata kanzu. Alikufa kabla sijazaliwa. Kwa heshima ya jina lile baba hakuwahi kuniita kwalo hata siku moja, aliniita Mama. Mtu mzima na ndevu zake alimwita Mama mtoto anayenyonya kidole, akamwomba amletee mkasi, na hapana aliyecheka, kwa kuwa kwetu ndivyo inavyofanywa.

Hesabu ya mwalimu ilikuwa hivi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni moja, be ni mbili, na kuendelea hadi ghaini iliyo elfu. Herufi za jina lako hujumlishwa na za jina la mama yako, kisha jumla hupunguzwa kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka pasalie kisichopungua tena. Kinachosalia ndiyo nyota yako: Punda, Ng'ombe, Mapacha na wenzao mpaka Samaki. Nyota nazo zimegawiwa moto, udongo, upepo na maji. Ukiuliza kwa nini mama na si baba, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba mama hana shaka, baba huaminiwa tu. Kwa hiyo elimu nzima imesimama juu ya mtu mmoja asiyeweza kukosewa, naye ni mama mzazi.

Mchumba wangu alikuwa kijana wa kazi ya bandarini, mpole, asiye na neno la kwake mbele ya wakubwa. Aliyekuja kuposa ni mama yake, mwanamke mwenye heshima zake, ambaye mtaa mzima ulimjua kama mama wa mtoto yule mmoja. Kabla ya kujibiwa, alifunga sukari katika karatasi akaenda kwa mwalimu na majina manne: langu na la mama yangu, la kijana na la kwake mwenyewe. Alirudi amekunja uso. Mimi Simba, moto. Kijana Samaki, maji.

"Moto na mai haviwekwi nyumba moja," mwalimu alikuwa amemwambia. "Ndoa hino itazimika au itatokota."

Lakini wanajimu hawakuachi hivi hivi, maana mteja aliyekata tamaa harudi. Dawa ilikuwepo: msichana abadilishwe jina. Alilitoa hapo hapo, jina fupi la kuhesabika vizuri, na kwa jina hilo nikawa Kaa, maji kwa maji, heri na baraka. Jina lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Lilikuwa jina la mtu mwingine.

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira imenikalia mpaka leo. Baba alikubali, nami najua kwa nini: msichana akikataliwa kwa sababu ya nyota, kila atakayekuja baadaye atauliza ilikuwa nini, na mwishowe hapatakuja mtu wa kuuliza. Aliona anauza jina kununua nyumba. Nambari za baba mwenyewe zilikuwa za tepu ya fundi, urefu wa mkono na upana wa bega, na mkono ukipimwa leo na kesho ni ule ule, hata mwenyewe abadilishwe jina mara ngapi. Hakuona kwamba zile za mwalimu hazikuwa za aina hiyo.

Baadaye nilisoma habari za elimu hii, kwa ukali zaidi kuliko kwa hamu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuidharau. Herufi hazikupewa thamani kwa siri yoyote. Wayunani wa kale, na Mayahudi, na Waarabu nao, walihesabia herufi kwa kuwa hawakuwa na tarakimu kama hizi tunazotumia. Mwenye duka aliandikia bei ya mafuta herufi zile zile. Tarakimu zilipokuja kutoka Bara Hindi wenye maduka wakaziacha herufi, na wanajimu wakaziokota zilipotupwa, wakazipaka zafarani, wakaziita ghaibu. Tena Waarabu wa Magharibi hawazihesabu herufi zote kama wale wa Mashariki, baadhi wamezipa thamani nyingine. Msichana mwenye jina langu na mama mwenye jina la mama yangu angezaliwa Moroko, huenda angekuwa Mizani au Mbuzi, chini ya mbingu hizi hizi. Na mbingu zenyewe mwalimu wetu hakuwa akitoka kuzitazama. Chumba chake kilikuwa na madirisha mawili, yote yakielekea ukuta wa jirani.

Wala sisemi ni ujinga wetu peke yetu. Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi Kizingo, kwa Waingereza wenye bustani na magari, nao ndio waliotuambia sisi tunaamini mambo ya giza. Alisimulia kwamba siku moja mgeni wao mmoja aliugua, wakasalia kumi na tatu mezani, hesabu ambayo kwao ni mkosi, na hapana aliyethubutu kuketi. Chakula kilipoa huku dereva akitumwa kwenda kumtafuta mtu yeyote aliyevaa tai. Wakamketisha karani mmoja kijana aliyekuwa ameshakula kwake, akala mara ya pili kwa ajili ya usalama wa wakubwa.

Na vita je? Mwalimu aliulizwa vitakwisha lini, akajumlisha majina ya nchi, akataja mwezi. Mwezi ukapita. Akasema kuna herufi haikutiwa, akataja mwingine. Aliwagawia watu karatasi zenye mraba wa nambari, ukizijumlisha kwa mlalo au kwa wima jumla ni ile ile, wabandike milangoni kujikinga na mabomu. Kibokoni hatukuangukiwa na bomu, mraba ukasifiwa. Malindi iliangukiwa, na sikusikia kwamba milango ya Malindi ilikuwa mitupu. Mtu akikosea hesabu dukani hufukuzwa. Huyu alikosea vita vizima na barazani alipishwa mahali pa kukaa.

Juma la harusi wageni walianza kuwasili kwa upande wa mume. Siku moja walikuja wanawake kuniona, nami nimekaa mkekani, hina haijakauka mikononi. Mmoja wao, aliyefika kutoka Lamu, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, alinitazama sana kisha akasema kwa furaha ya wazi kabisa kwamba amemshukuru Mungu kuishi hata akamwona mke wa mwanawe. Mama, aliyekuwa akimimina kahawa, alisimama na dele mkononi. Akamwuliza mwanawe yupi. Mgeni akashangaa kwamba hatujui. Yeye ndiye aliyemzaa kijana. Dada yake mkubwa, yule aliyekuja kuposa, hakujaaliwa mtoto, basi alipomwachisha ziwa alimpa amlee kama wake, na akamlea kweli. Hapakuwa na siri wala ubaya; huko kwao kila mtu alijua. Hapa Mombasa hapana aliyeuliza, na mtoto alimwita mama yule aliyekuwa naye. Mwalimu alipotaka jina la mama wa kijana, mlezi alitaja la kwake bila kupepesa jicho, maana katika moyo wake halikuwepo jingine.

Baba alipoambiwa aliacha kanzu ya mtu haijamalizika, akavaa kofia, akaenda kwa mwalimu kumpelekea jina la mzazi. Alirudi akatusimulia, nami nikamsikiliza kila neno. Mwalimu alihesabu upya mbele yake, na kijana hakuwa Samaki. Alikuwa Mizani, upepo. Na kwa kitabu cha mwalimu mwenyewe upepo na moto ni ndugu, mmoja humpa mwenzake nguvu. Upepo na maji ndio huleta tufani. Maana yake Simba alikuwa hana kasoro tangu mwanzo, na jina alilonibandika kuniponya ndilo pekee la kuogopwa. Ungedhani mtu atafunga kitabu kwa aibu. Yeye alitabasamu, akasema aliyelea ndiye mama, na falaki huyaona ya ndani, hesabu yake ya kwanza ilijua. Baba akamwuliza, basi ile ya pili imejuaje kinyume chake? Mwalimu akasema wakati wa alasiri umekaribia.

Mlezi naye alikataa katakata kurudi nyuma. Jina jipya lilikuwa limeshatangazwa, wanawake wameshaalika nyumba kwa nyumba. Lakini nilijua si hilo. Kukubali hesabu ya pili kulikuwa kukubali, mbele ya watu, kwamba mama ni yule wa Lamu. Nilimwonea huruma, na ningemwonea zaidi kama halingekuwa jina langu ndilo linalolipia. Kijana alituma neno kwamba ataridhia watakaloamua wazee, yaani hakutuma neno.

Jioni ile baba alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga.

"Ni ina tu, Mama," akaniambia, maana kwetu jina ni ina.

"Na mimi nikishakuwa na hilo jingine, wewe wataka uniite nani?"

Alitia uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari, akautoa, akautia tena. Nikaona uso wake, nikajua kwamba ananiona mimi na mama yake tukitoka mlangoni pamoja. Asubuhi harusi iliendelea kama ilivyopangwa.

Siku ya kuoa, bibi harusi haendi msikitini. Walii wake, yaani mwenye kumwoza, huja na mashahidi wawili mpaka mlangoni mwa chumba, pazia likiwa limeshushwa, na humwuliza kama ameridhia aozwe. Msichana hatakiwi kujibu. Akinyamaza ameridhia, ndiyo sheria na ndiyo adabu, na somo wangu, mwanamke aliyenifunza mambo ya ndoa, alikuwa amenikariria mara nyingi nifumbe mdomo na niinamishe kichwa. Chumba kilijaa wanawake. Yule wa Lamu na dada yake walikuwa wameketi bega kwa bega.

Nilisikia viatu, kisha sauti ya baba nje ya pazia. Hakusema Mama. Aliniita kwa jina nililopewa na mwalimu, akalisoma kama mtu asomaye kibao cha mtaa asioujua, akauliza kama nimeridhia.

Kimya kikaingia. Wanawake walishaanza kuvuta pumzi wapige vigelegele. Nikaelewa kwamba nikikaa hivyo hivyo kwa adabu, Kaa ataolewa, na nyanya yangu atakuwa amekufa kweli.

"Mwenye ina hilo hayumo humu," nikasema.

Somo alinifinya mpaka kucha ikaacha alama. Nje shahidi mmoja alikohoa. Mlezi alianza kusema ni aibu gani hii, na yule wa Lamu, bila kugeuza kichwa, alimshika mkono akamkatiza. Sikusikia viatu vikiondoka. Nilimsikia baba akipumua, karibu sana na pazia. Kisha, mashahidi wakiwa ubavuni mwake, alilitamka jina la mama yake, kwa sauti ya kufika mpaka uani, akalifuatisha na la kwake, akauliza upya kama nimeridhia. Hapo nikanyamaza, na kimya changu wakaenda nacho msikitini.