Kelele za Jukwaa la Juu

Lorene Pawlak alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Aliipata kwenye basi la shule, aliloliendesha miaka mingi akiwanyamazisha watoto wa watu bila hata kugeuza shingo, na Jumapili aliihamishia uwanjani. Hapa mjini Erie kila mtu anajua utaratibu: Wahunzi, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, wakiwa na mpira, uwanja unanyamaza ili mrusha mpira asikike akiwaitia wenzake ishara; mpira ukiwa kwa wageni, tunapiga kelele mpaka wasisikiane. Jukwaa letu lilimtazama Lorene. Akiinua kofia yake ya sufu juu, kimya. Akiishusha, kila mtu na koo lake.

Kisha timu ikanunuliwa na Preston Haldane, tajiri wa Florida asiyeijua baridi yetu. Viti vya chini, ambavyo Lorene na mumewe Gus walivikalia tangu wakiwa wachumba, akawapa wageni wa makampuni, akawawekea na vipasha joto. Sisi wengine tukapandishwa juu kabisa, kwenye upepo wa ziwa. Mtangazaji alipomuuliza kama ngazi zile si ndefu mno kwa wazee, Haldane alicheka, akasema ngazi ni mazoezi mazuri ya moyo. Mechi ya kwanza ya msimu Gus alifika katikati ya ngazi hizo, akaketi apumue, na hakuinuka tena.

Haldane alituma shada la maua lenye rangi za timu. Lorene alilitoa uani, akalikanyaga kwa viatu vya theluji mpaka likawa matope.

Hakuacha kwenda uwanjani, ila sasa alikwenda na nia nyingine. Wahunzi walifungwa na kila aliyekuja. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa hata na timu ambayo nusu ya wachezaji wake walikuwa kitandani na mafua. Mji mzima ulinuna. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani kwa aibu. Lorene, kila Jumapili jioni, alijikatia kipande cha pai ya cheri akala polepole mbele ya televisheni, akimwangalia Haldane akijiumauma kujibu maswali. Alitaka kitu kimoja tu: msimu uishe bila ushindi hata mmoja, na aibu hiyo ibandikwe jina la Haldane milele. Aliliombea jambo hilo kanisani, wala hakumwonea haya padri.

Mechi ya mwisho ikaleta wasiwasi, maana wageni kutoka Omaha walikuwa dhaifu karibu sawa na sisi. Asubuhi ile, kwenye maegesho, katikati ya moshi wa soseji, Lorene aliwakusanya watu wa jukwaa la juu akawaambia mpango wake. Leo tugeuze mambo. Akishusha kofia mpira ukiwa kwa Wahunzi, tupige kelele wasisikiane wao.

Duane Sipes, jirani yake wa kiti, aliacha soseji ziungue.

"Lorene, umerogwa? Hao si wetu?"

"Walikuwa wetu tulipokuwa chini. Huko juu tulikotupwa, sisi ni wa nani?"

"Na Tavita je? Leo ndiyo mechi yake ya mwisho."

Tavita Leota ndiye aliyekuwa akiinama juu ya mpira na kuutoa kati ya miguu yake kumpa mrusha mpira aliye nyuma. Alikuwa ameichezea timu hii mpaka magoti yakamchakaa. Gus alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa, na katika timu nzima ni yeye peke yake aliyekuja mazikoni, akabeba jeneza. Lorene akasema Tavita ni mtu mzima, ataelewa, akachukua soseji isiyoungua akala.

Haldane alikuja. Alipunga mkono kutoka chumba chake cha vioo, na Lorene akamwona kwa macho yake. Kipindi cha kwanza aliacha desturi iende kama kawaida, maana aliisubiri saa itakayomuuma zaidi. Baada ya mapumziko theluji ikaviziba vile vioo, lakini taa za ndani zilikuwa zinawaka.

Dakika ya mwisho Omaha walikuwa mbele kwa pointi nne, na Wahunzi walikuwa na mpira, yadi nne tu kutoka mwisho wa uwanja. Wangeufikisha mpira pale, wangepata pointi sita na kushinda. Watu wa chini wakanyamaza. Mrusha mpira, kijana mgeni wa kazi, akaanza kuita ishara. Lorene akaishusha kofia.

Jukwaa la juu lililipuka. Wazee walioimeza hasira msimu mzima waliitapika yote. Duane, aliyeapa hatatia sauti, alikuwa akipiga kiti kwa viatu. Mchezaji mmoja wa Wahunzi akachomoka mapema, mwamuzi akarusha kitambaa cha njano kuonyesha kosa, timu ikarudishwa yadi tano. Lorene alivikodolea macho vioo vya Haldane na kupiga ukelele uliotoka chini kabisa ya tumbo. Aliita jina la Gus, ingawa hakuna aliyelisikia. Ilikuwa tamu, tena kuliko pai zote.

Wakajipanga tena. Katika makelele yale Tavita alidhani ameisikia ishara. Akautoa mpira kabla kijana hajawa tayari, ukampita begani, Omaha wakaulalia. Mchezo ukaisha, na Tavita akabaki amepiga magoti kwenye theluji.

Lorene alishuka ngazi akiwa mwepesi. Chini, kwenye korido, televisheni ilikuwa inasema kwamba Haldane aliondoka wakati wa mapumziko kwa sababu ya baridi, na ndege yake sasa ilikuwa angani kuelekea Florida. Mle chumbani mwake mwa vioo walikuwa wamebaki wahudumu wakikusanya sahani.

"Sasa nilikuwa nampigia nani kelele?" alimuuliza Duane.

Duane alimwambia tu kwamba Tavita anamuulizia kule kwenye uzio.

Tavita alisimama na tope mpaka mashavuni. Alikuwa ameshavua glavu ya mkono wa kulia na kumnyooshea, akasema anataka ikawekwe kaburini kwa Gus.

"Na usijisumbue moyo, Bi Lorene," akaongeza kwa upole. "Sauti yako naijua, nilikuwa naisikia. Nikawaambia wenzangu, bibi wa watu amefiwa, amechanganya tu mpira uko kwa nani. Hata mama yangu siku hizi husahau."

Lorene angeweza kuitikia kwa kichwa tu, yakaisha. Lakini kufanywa kikongwe aliyepotewa na akili, tena siku ya kisasi cha Gus, hilo lilimshinda.

"Sikusahau, Tavita. Nilijua mpira uko kwako."

Tavita alimtazama. Kisha akaurudisha mkono, akaivaa tena ile glavu, kidole kwa kidole, akaenda zake.