Mwandiko wa Raïssa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Libère alikuwa anakipulizia pumzi kioo cha skana, halafu anakifuta kwa upindo wa shati. Achille, mwenzake wa kazi, hakuchoka kumcheka.

"Mzee amembusu bibi yake tena!"

Bibi wa kweli, mkewe Raïssa, alikuwa amekufa. Walitoka Bujumbura pamoja, wakavuka mpaka, wakaimba kwaya moja hapa, mtaa unaoitwa pia Gitega. Kitabu cha nyimbo cha kwaya kilijaa mwandiko wake, kalamu ya bluu: hapa vuta pumzi, hapa polepole, hapa Libère usipige kelele.

Kwaya ikakileta kitabu dukani kwao, pale Sonatubes, kigeuzwe kisomeke kwenye simu. Karatasi zitupwe, walisema. Libère akaiomba kazi hiyo. Programu ile kabla ya kuanza inauliza ichukue nini kwenye karatasi: maandishi ya chapa, picha, mwandiko wa mkono. Kisanduku cha mwandiko huwa kinaachwa bila alama, wateja hawapendi mikwaruzo. Libère akakiwekea alama. Akapiga skana ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto aliyelala.

"Madamu," akamwambia Nyokabi, mwenye duka, "ikiisha, hicho kitabu naomba nichukue mimi."

"Sawa, mzee wangu. Kwanza peleka hizi nakala kwa mteja wa Batsinda."

Aliporudi, meza iko tupu. Akafungua kazi kwenye kompyuta: nyimbo zote, nyeupe, safi. Bluu hakuna. Akaenda kwenye mipangilio. Alama yake imeondolewa, na chini kuna nyingine mpya: futa picha za chanzo kazi ikiisha. Hata picha za kurasa zenyewe hazipo tena.

"Nani amegusa?"

"Mimi," Achille akasema. "Mikwaruzo iko inachelewesha mashine, nimeitoa nikairudia kazi yote. Na watu wa kwaya wamekuja, wamefurahi kabisa! Wamesema sasa kinafanana na kitabu cha watu."

"Na karatasi?"

Nyokabi hakuinua macho kwenye simu. "Nimewapa wale wa kutengeneza mifuko ya karatasi. Si zilikuwa za kutupwa? Mzee, mke hafufuki kwa kalamu."

Achille akacheka mpaka akapiga meza.

Siku chache baadaye Achille akaingia na karanga za kukaanga, akaziweka mbele ya Libère. Mfuko ulikuwa ukurasa wa wimbo. Pembeni, bluu.

"Ihangane, vumilia, mzee. Bibi amekuletea karanga."

Nyokabi alicheka. Hata mteja aliyekuwa anasubiri alicheka, na hakujua anacheka nini.

Libère akazimwaga karanga juu ya kioo cha skana. Akaukunjua mfuko taratibu, gundi isiichane karatasi. Mafuta yalikuwa yameingia, wino umevimba. Neno lililobaki zima lilikuwa moja tu, polepole. Akalitia mfukoni mwa shati.

"Wewe mzee!" Nyokabi akaita. "Nani atazoa hizo karanga?"

Alikuwa ameshavuka mlango. Alipita penye pikipiki za abiria, vijana wakamwita, hakupanda.

Koti lake lilibaki kwenye kiti, hakulirudia. Achille hulivaa mvua ikinyesha.