Nusu ya Chini ya Ukurasa

Nilijiunga na chama cha programu huria kwa sababu chumba chao kilikuwa na umeme. Nimelikana jambo hili kwa miaka. Nimelikana mbele ya wanafunzi, mbele ya mume wangu, na mara moja redioni, ambako nilisema kwa sauti nzito kwamba kilichonivuta ni uhuru wa maarifa. Kilichonivuta ni soketi. Chama kilikuwa kimeazimwa chumba nyuma ya parokia, na juu ya paa la chumba hicho kulikuwa na paneli za jua. Mimi nilikuwa ninaishi mtaa wa Ndosho, ambako wakati ule umeme ulikuja kama mgeni anayepita kuuliza njia.

Nilifika na kompyuta yangu, simu yangu, na simu za majirani ndani ya mfuko.

"Karibu, mama. Umekuja kujiunga?" akauliza rais wa chama. Alikuwa muzee aliyestaafu ualimu wa hesabu, mtu wa kuvaa koti hata akienda kununua sabuni.

"Ndiyo, papa," nikajibu, macho yangu yakiwa ukutani, kwenye soketi. "Ninaamini sana jambo hili."

"Jambo gani?"

Hapo ndipo masomo ya chuo kikuu yanapomfaa mtu. Nilizungumza kwa muda, sikumbuki nini, na nilipomaliza walinipa cheo. Nikawa mhusika wa uenezi.

Kwetu huwezi kuanzisha kitu chochote, hata kikundi cha kucheza karata, bila kamati. Chama kilikuwa na rais, makamu wa rais, katibu, naibu katibu, mshauri, na mtunza hazina asiye na hazina. Kilichokosekana ni mwanachama wa kawaida. Kazi yangu ilikuwa kwenda kumtafuta.

Nilichotakiwa kueneza kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kuaminika: kwamba zipo programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoundwa ndani, kuzirekebisha, na kumpa mwenzake bila kuomba ruhusa. Na kwamba zinatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakiwa hawajaonana hata siku moja. Kabla ya kuwaeleza wengine nilitaka nielewe mwenyewe, nikamuuliza muzee ni nani hasa wanaofanya kazi hiyo.

"Ni batu," akasema.

"Batu gani, papa?"

"Batu tu, mama. Bako kwabo."

Jibu hilo lilinikaa kichwani kuliko hotuba zangu zote. Watu tu, wako kwao. Nilikuwa nimesoma jinsi jamii zinavyojengwa: ukoo, ardhi, kanisa, soko. Hapakuwa na sura yoyote kwenye vitabu vyangu kuhusu watu wasiofahamiana, wasiodaiana chochote, wanaotengenezeana vitu. Nilianza kwenda pale hata siku ambazo simu yangu ilikuwa imejaa chaji.

Uenezi wetu wa kwanza ulikuwa sherehe. Tulialika watu waje waone kompyuta iliyojaa virusi ikisafishwa na kuwekewa mfumo huria mbele ya macho yao. Tulileta projekta, maikrofoni na spika, vyote vikila kwenye betri za chumba kile. Tukapanga viti vya wageni wa heshima mbele, na tukafuata itifaki. Katibu alifungua. Makamu wa rais akamshukuru katibu. Mwakilishi wa mtaa akasema, mwakilishi wa parokia akasema, rais akawashukuru waliosema. Kisha nikasimama mimi na uhuru wa maarifa, na kusema haki nilisema kuliko wote. Tulipofika kwenye kompyuta yenyewe, spika ilikohoa na projekta ikazimika. Tulikuwa tumetumia umeme wote kuisifu kompyuta.

Wageni walikunywa soda zao wakaenda. Alibaki mama mmoja, mnene, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alikuwa na sekretaria karibu na chuo, yaani duka dogo la kuandikia watu kazi zao kwa kompyuta na kuzichapa. Ndiye aliyetuchapia mialiko, naye alikuja kuona kama ni kweli.

"Mama," akaniambia, "hii kitu yenu ni ya kufanyia kazi, ao ni ya kusemea?"

"Ni ya kufanyia kazi, mama."

"Sasa mbona hatukuiona?"

"Umeme umeisha."

"Umeme haukuisha. Muliumaliza."

Kisha akakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima na kunieleza shida yake. Kompyuta zake zilikuwa zimeliwa na virusi. Wanafunzi walileta kazi zao za kumaliza masomo, zile tunazoziita TFC, ndani ya flashi, na wakaondoka na flashi tupu au zilizojaa takataka. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alipoteza kazi nzima pale dukani, na habari ikazunguka chuo. Sasa wengi walikuwa wanavuka barabara kwenda sekretaria ya upande wa pili.

"Musimu wa TFC njo huu unakuya," akasema. "Nikiukosa, ninafunga. Ninarudia Rutshuru kwa kaka yangu kulima maharagi. Na bibi aliyemuoa hanipendi."

Nilimwahidi kwamba hatafunga. Mhusika wa uenezi huahidi, ndiyo kazi yake.

Kamati nzima ilihamia dukani kwake. Kufikia jioni kompyuta zilikuwa na mfumo huria, safi, nyepesi, na flashi chafu zilichomekwa na kuchomolewa bila madhara. Mama alitutazama kwa mara ya kwanza kama watu wenye maana. Kisha akachapa ukurasa.

Printa yake ilikuwa dude kuukuu lililokuja kutoka Kampala juu ya lori, la aina ambayo hakuna aliyewahi kuiona mahali pengine mjini. Ilivuta karatasi, ikaguna, ikachapa vizuri kabisa hadi katikati, halafu ikaitema. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe.

Mama aliinua karatasi akaitazama kwenye mwanga, kama mtu anayekagua noti ya dola.

"Na hii ingine iko wapi?"

"Zamani ilikuwa inamaliza?" akauliza muzee.

"Ilikuwa inamaliza. Na virusi, lakini inamaliza." Akaiweka karatasi mezani taratibu. "Musikilize. Nawangojea mpaka batoto ba chuo baanze kuleta TFC. Hapo, kama haimalize, narudisha vyangu vya zamani na virusi vyake, na weye, mama ya maneno, utanisindikiza Rutshuru."

Kila siku nilipita pale, na kila siku alikuwa ananionyesha karatasi za nusu, amezipanga vizuri pembeni. Wateja alikuwa anawaambia printa inapumzika. Ng'ambo ya barabara walikuwa wametundika bango jipya.

Chama kilikutana. Ilionekana wazi kwamba ni lazima tuwaandikie wale watu walioko kwao, wanaoshughulika na sehemu ya mfumo inayoongea na printa. Wana mahali mtandaoni ambapo yeyote anaweza kuandika tatizo lake. Sasa hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo sidhani lingefanywa na watu wengine duniani isipokuwa sisi. Tuliandika barua. Muzee aliitunga, mimi nikairemba, katibu akaisoma kwa sauti. Ilianza kwa kumtakia afya njema mheshimiwa mratibu, pamoja na washirika wake. Ilieleza historia ya chama, iliorodhesha kamati na vyeo, ilitaja hali ya mama mjasiriamali na umuhimu wake katika jamii, na ikamalizia kwa heshima zetu za juu kabisa. Nakala kwa taarifa walipewa watu ambao hawakuwepo. Kisha tukaipiga kashe, maana kwetu karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga, tukaiskani, tukaituma.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa mstari mmoja: asanteni, ni printa gani?

Nilirudi kwenye barua nikaisoma tena tangu mwanzo. Tulikuwa tumemtaja kila mtu isipokuwa printa.

"Hata salamu!" akasema muzee. Alikuwa ameumia kweli. "Huyu mutu amelelewa na nani?"

"Papa, labda kwao kujibu ndiyo salamu."

"Basi kwabo ni mbali sana. Miye na mutu asiye na salamu hatuwezi kutumika kazi pamoja." Akanikabidhi mimi mambo yote ya yule mutu, kwa kuwa eti nilisomea jamii.

Ndivyo nilivyoanza kuandikiana na mtu nisiyemjua. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke, na kwa lugha yetu sikuhitaji kujua. Aliuliza jina lililoandikwa nyuma ya printa. Aliomba picha ya ukurasa uliokatika. Aliomba maneno ambayo kompyuta huyaandika kimyakimya inapozungumza na printa, akanielekeza mahali yalipofichwa. Siku mtandao ulipokatika mjini nilikwenda karibu na mpaka wa nchi jirani, mahali ambapo simu hushika mnara wa upande wa pili, nikasimama kati ya wauza nyanya nikituma habari za printa.

Nilisubiri aniulize mimi ni nani. Hakuuliza. Nikaona nimsaidie: katika ujumbe mmoja nilipenyeza kwamba nina shahada, na kwamba ndimi mhusika wa uenezi wa Kivu ya Kaskazini, cheo ambacho nilijipandisha njiani. Akajibu akiuliza kama weupe unaanzia mahali palepale kwenye kila ukurasa.

Unaanzia palepale. Nilipima kwa rula, Mama akinisimamia.

"Anataka nini huyu mutu wako?" Mama akauliza. "Atakuja kuomba nini kisha?"

"Sijui, mama."

"Hakuna mutu anafanya bure."

"Ndiyo maana ninataka kumuuliza."

"Muulize. Miye pia nataka kujua."

Wakati huohuo umeme ulirudi Ndosho. Waya mpya, nguzo mpya, taa inawaka siku nzima. Majirani walichukua simu zao kwangu na hawakuzirudisha tena. Sikuwa na sababu yoyote iliyobaki ya kukitembelea chumba cha parokia, na nilikuwa ninakitembelea kila baada ya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku.

Basi nikamuuliza yule mtu. Nilimwandikia kwamba mama mwenye duka anataka kujua, na mimi pia: kwa nini unafanya haya kwa ajili ya printa usiyoiona, ya mtu usiyemjua? Nilitarajia angalau aya moja. Mimi ningeandika kurasa kadhaa, na uhuru wa maarifa ungekuwemo.

Aliandika: "Bado sielewi kwa nini inakatika katikati. Ninataka kujua."

Nilimsomea Mama maneno hayo. Alizungusha kalamu.

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

"Kumbe ni mutu ya kawaida," akasema, na nadhani kwa mara ya kwanza alimwamini.

Lakini msimu ulikuwa umefika. Ijumaa wanafunzi wa kwanza walipita dukani wakiuliza kama printa imeamka, na Mama akawaambia warudi Jumatatu. Akanigeukia. "Kesho njo mwisho," akasema. "Kesho jioni narudisha vyangu vya zamani. Jumatatu siwezi kuwapa TFC ya nusu."

Kesho hiyo ilikuwa ndoa ya binti wa kaka yangu, kule Munigi nje ya mji, na mimi ni shangazi wa kukaa mbele. Asubuhi, nikiwa nafunga kitambaa cha kichwa, ujumbe ukaingia. Yule mtu alikuwa ametuma faili jipya: jaribuni hili. Hakueleza zaidi. Sikuweza kwenda. Nilimpigia muzee aende dukani akalijaribu, nikijua alivyoapa.

"Yule asiye na salamu?" akauliza.

"Yeye huyo, papa."

Akaiweka simu kando. Kisha nikasikia hanga za makoti zikigongana kabatini.

Sikumbuki mengi ya ndoa ile. Nakumbuka vumbi jeusi kwenye viatu vyetu vipya, na mshereheshaji aliyetumia maikrofoni kama vile umeme hauishi. Simu ilikuwa mapajani mwangu chini ya kitenge. Shangazi mwenzangu alinikanyaga mguu mara kwa mara nisiiangalie. Mchana ulipita. Zawadi zilianza kutolewa. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga nitakavyomwambia Mama pole, na kwamba maharagi ya Rutshuru nayo yana heshima yake, simu ilipotetemeka. Nilitoka nikiwa nimeinama, nikasimama nyuma ya ukuta wa mawe, karibu na masufuria.

"Uko wapi weye?" Ilikuwa sauti ya Mama.

"Niko Munigi, mama, ku ndoa."

"Wacha ndoa. Sikiliza." Akaisogeza simu kwenye printa. Nikasikia inavuta karatasi, inaguna, inaendelea kuguna, inaendelea, halafu inatema.

"Mama?"

"Imemaliza." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ndogo. "Imemaliza mpaka chini. Kuna namba ya ukurasa kule chini! Nilianza kusahau kama hizi TFC ziko na namba."

Nilijikuta nimeketi juu ya gunia la makaa, nikiwa na nguo yangu ya sherehe.

"Kwa hiyo Jumatatu unafungua?"

"Jumatatu? Niko wazi sasa. Kuna batoto babili hapa bamevuka barabara, bamesikia printa." Akamkemea mtu aache kugusa kitu, kisha akarudi. "Ngoja, muzee wenu iko hapa, anataka kukusemesha. Amekataa kuvua koti."

Muzee alikohoa kwenye simu kama anavyokohoa kabla ya hotuba.

"Mama mhusika wa uenezi," akasema. "Huyu mutu lazima ashukuriwe. Nimekwisha kuanza barua. Nauliza tu: tumutumie na kashe, ao bila kashe?"

"Bila, papa," nikasema. "Mwambie tu kwamba imemaliza mpaka chini."