Sindano ya Saa Saba

Kabla hajamgusa bibi, nesi hunawa mikono hadi viwiko, kidole baada ya kidole, hata madam akipiga kelele jikoni kwamba vitunguu havijamenywa. Kwenye mkataba aliotia sahihi Nairobi aliitwa muuguzi. Alipofika Riyadh, ikama, kibali chake cha ukaazi, ikamwandika mtumishi wa nyumbani. Eti mtumishi! Miaka miwili na nusu ya chuo imegeuzwa ufagio. Anapiga deki, anasugua bafu nne, kisha anarudi kwa bibi, yule mama mzee mwenye kisukari, mama mzazi wa madam, anamgeuza ubavu na kumkagua vidole vya miguu kimoja kimoja asije akaota kidonda. Saa yake ya uuguzi bado ameibana kifuani, juu ya aproni yenye harufu ya klorini.

Leo bibi amekataa chakula, na kipimo kinaonyesha sukari imeshuka. Saa saba madam akaingia na sindano ya insulini ya kila siku.

"Mdunge. Yalla, wageni wanakuja."

"Madam, hajala. Nikimdunga sasa atazimia."

"Nani amekuuliza? Wewe ni mtumishi! Hapa hakuna nesi!"

Nesi akaichukua sindano, akaiweka katika kiganja cha madam, akamfumba vidole juu yake taratibu.

"Sawa, madam. Basi mtumishi hadungi watu sindano."

Akaenda kunawa, hadi viwiko, akarudi na juisi kwenye kikombe. Madam alikuwa amesimama palepale, sindano mkononi, akimtazama mama yake asijue amshike wapi.