Wanajua kuhesabu mpaka ishirini na tano

Jamani, leo nimeshindwa kabisa.

Mnawajua watoto ninaowalea hapa Rumonge mama zao wakianika visamaki vya ndagala. Siwafundishi kwa fimbo, mimi. Wanachagua mchezo wenyewe, wanachezea kokwa za michikichi, kuhesabu kunakuja kwenyewe.

Leo wamechagua mchezo wa boma la Mdachi.

Zaina, wa miaka minne, akamulaza mwenzake kifudifudi mchangani, akashika kijiti.

"Moja! Mbili!"

Wote wakaitikia, bila kukosea hata moja. Nikapiga makofi, mjinga mimi!

Kwenye ishirini na tano wakanyamaza.

"Endelea, mama. Inafuata ngapi?"

Zaina akanishangaa. "Bibi, viboko vimeisha. Hapo ndipo walimwinua baba."

Niambieni, wenzangu: ishirini na sita nitamfundishaje?