Kwenye Fomu Niliandika Sina Mtoto

Admin, nifiche kabisa, maana nusu ya watu wa kwetu Kabras iko kwenye hii peji. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, fundi wa nguo hapa Shirere, nashonanga yunifomu za shule. Nimeolewa na mtu wa Kanada. Kabla hamjaanza kuniita mwenye bahati, ngojeni nimalize.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata mimba. Kijana mwenyewe alipotea hata kabla tumbo halijaonekana. Nilipojifungua msichana, mama yangu alienda akaandikisha cheti cha kuzaliwa kwa jina lake yeye. Akaniambia, "Huyu sasa ni wangu. Wewe rudi shule, na mwanaume akija siku moja asikukute na mtoto." Msijifanye mnashangaa, wengi wenu mna dada ambao si dada. Basi mtoto akakua akiniita dada, nami nikaitika. Nitamwita Neema. Ana miaka kumi.

Mume wangu alikuja kufundisha chuo hapa mjini. Tulipendana kweli, kwa hilo msinitukane. Alikaa kwa Mama akala obusuma, ugali wetu, kwa mkono, akaniuliza yule mtoto mchangamfu ni nani. Nikasema, "Ni mdogo wangu." Tukafunga ndoa ya serikali, akarudi kwao, tukaanza kuomba viza nimfuate. Fomu ikauliza kama nina watoto. Nikaandika sina. Si karatasi ndizo zinasema hivyo? Nikatia sahihi kwamba yote ni kweli.

Sasa viza imetoka, nasafiri baada ya wiki tatu. Na Mama amepooza upande mmoja. Neema ndiye anamchotea maji na kumpikia kabla ya kwenda shule. Juzi Mama alinishika kwa ule mkono mzima akasema, "Mchukue mtoto wako, mimi siwezi tena." Miaka kumi sijawahi kumsikia akisema mtoto wako.

Nikampigia mume wangu, nikamwomba tumchukue mdogo wangu. Yule mtu ana roho safi jamani, siku hiyo hiyo akauliza wakili. Akanirudia na huzuni, eti dada haletwi hivyo wakati mama yake yuko hai. Akasema, "Angekuwa mtoto wako tungemwandika kwenye fomu tangu mwanzo, saa hii mngekuwa mnapanga nguo pamoja." Nikamwambia netiweki ni mbaya, nikakata simu. Nililalia cherehani nikalia kama mjinga.

Kuna mama mmoja hapa mjini anasaidianga watu kujaza hizo fomu. Nikamwendea nikisingizia ni shida ya rafiki yangu. Akaniambia mtoto ukimficha kwenye fomu, baadaye huenda usiweze kumleta kamwe kama wako, na wewe mwenyewe ukigunduliwa unaweza kurudishwa. Kwa hivyo nikisema ukweli sasa, viza inaweza kufutwa, na sijui mume wangu ataniangalia vipi. Nikinyamaza, nitapanda ndege nikimwacha mtoto wangu akiuguza mgonjwa, na mlango nimemfungia mimi mwenyewe kwa kalamu yangu. Nikibaki, nitamwambia mume wangu nabaki kwa sababu gani? Kila upande ni ukuta.

Kilichonifanya niandike ni Jumapili iliyopita. Nilikuwa namsuka Neema, amekaa katikati ya miguu yangu, akaniuliza bila kugeuka, "Dada, huko Kanada kuna watu wanatujua?"

Nikamwambia hakuna hata mmoja.

Halafu akasema polepole, "Basi tukifika huko, naweza kukuita mama?"

Sijui nani alimwambia. Sijamjibu mpaka leo, na kila jioni ananiangalia mdomo. Wa kutukana tukaneni, nimezoea, lakini mkimaliza mnisaidie: mngekuwa mimi, huyu mtoto mngemjibu nini?