Choo cha Kituo cha Mwisho

Mke wangu ni dereva wa basi. Wenzake wanamwita Mama Taratibu, kwa sababu abiria wake hufika na mayai yao mazima. Mimi ni fundi viatu. Nyumbani kwetu anayeshika usukani ni yeye, na sioni aibu kusema hivyo.

Njia yake inaishia nje ya mji, kwenye uwanja wa kugeuzia mabasi. Hapo pana vumbi, nguzo ya taa na nyumba ya mama mmoja fundi cherehani, basi. Mashirika manne ya mabasi yanageuzia hapo, na hakuna hata moja lililojenga choo. Madereva wanaume walijua pa kwenda, nyuma ya ukuta. Mke wangu na wenzake wawili walikuwa wakitumia choo cha yule fundi, kwa moyo wake mzuri tu. Mapema mwaka huu fundi akasema nyumba imeuzwa, atahama.

Nikamwona mke wangu akinyong'onyea. Zamani, kabla hajamjua huyo fundi, alikuwa akienda kazini koo kavu makusudi, mpaka akaugua figo na kulazwa.

"Hiyo sirudii tena," aliniambia. "Bora niache kazi."

Na anaipenda kazi yake kuliko anavyonipenda mimi, nasema hivi bila kinyongo.

Suala la choo lilikuwa limeshafika kwenye Chama cha Mashirika ya Mabasi, kile kinachowasemea wakubwa wao serikalini. Kila mkutano liliahirishwa. Kila shirika liliogopa kujenga choo ambacho madereva wa mpinzani wake wangekitumia. Watu wazima na tai zao, wananyimana choo! Mimi nilichemka. Yeye alicheka tu, akasema wivu wa namna hiyo hajauona hata kwa mawifi zake. Dada zangu wamelisikia hilo, na bado wamenuna.

Chama hicho kina desturi yake. Asubuhi ya mkutano mkuu, wakubwa wote hunywa chai pamoja, kisha hupanda basi moja mpaka mwisho wa njia na kurudi, wapigwe picha tuamini kwamba wanajua basi lina viti. Mwaka huu basi likawa la mke wangu. Darajani lori lilikuwa limekwama, foleni haisogei. Mwenyekiti wa chama, mzee mnene mwenye cheko kubwa, alikunja nne, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe akaja kusimama karibu na usukani.

"Dada, huko mwisho choo kiko wapi?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa nyinyi mnakwenda wapi?"

"Wanaume ukutani. Sisi tunamwomba fundi cherehani, ila anahama mwezi huu."

Mwenyekiti akafuta jasho. "Leo yupo?"

"Nitakuombea, mzee."

Walipofika, wakubwa wa mashirika yote manne walijipanga uani kwa fundi, mpinzani nyuma ya mpinzani, kila mmoja na kopo lake la maji. Fundi akawahimiza, "Fanyeni haraka jamani, nina nguo za watu!" Mwenyekiti alitoka uso umekunjuka, akashukuru, akapanda basi. Kuhusu choo hakutamka neno, wala wenzake. Mke wangu alirudi mjini akiwa amekata tamaa kabisa.

Kumbe mchana huo mkutanoni walilipitisha suala hilo kabla hata ya hotuba ya ufunguzi: choo kimoja, mashirika manne, na hakuna aliyekohoa.

Siku kilipofunguliwa alinipigia simu akiwa hukohuko.

"Baba watoto, nimekunywa chupa nzima ya maji njiani. Nzima!"

"Haya, na mimi nifanyeje?" nikamjibu. "Rudi kazini, usinipotezee muda."

Nilimkaripia makusudi. Nilikuwa na mteja mbele yangu, na sikutaka anione nikilia kwa ajili ya choo.